Mto Mole (Surrey, Uingereza): chanzo kiko chini kuliko kilima ulichokikata. Ulipitaje?

#1 RamaniMkononi
Wakuu, salaam. Naomba tuuchambue mto mmoja mdogo wa kusini mwa Uingereza, Mole. Unaanzia kwenye kichaka cha Baldhorns, kama mita 700 kusini mwa kijiji cha Rusper, West Sussex, mwinuko wa mita 100 na ushei. Unaishia kwenye mto Thames, karibu na jumba la Hampton Court. Ukiufuata kona zake zote ni kama kilomita 80. Ukivuta mstari mnyoofu toka chanzo hadi mdomo, hazifiki 35.

Kinachonitatiza ni hiki. Kati ya Dorking na Leatherhead mto unapita katikati ya North Downs, safu ya vilima vya chaki. Box Hill, kilima kinachouinamia mto pale, kina mita 224. Yaani maji yametoka mahali pa chini, yakaelekea kwenye safu iliyo juu mara mbili ya chanzo chake, yakaipasua. Maji hayapandi mlima. Yalipitaje?

La pili, ambalo mimi naliamini: pale pale kwenye pengo mto wote unapiga mbizi chini ya ardhi na kuibukia Leatherhead, ndiyo maana ukaitwa Mole, yaani fuko. Natanguliza shukrani.

#2 Gumegume
Karibu mkuu. La pili tulirekebishe mapema kabla halijaota mizizi humu. Mto haupigi mbizi wote. Kati ya Burford Bridge na Norbury Park kitanda cha mto kimelala juu ya chaki yenye nyufa zilizopanuliwa na maji, na kuna mashimo yanayomeza maji, mengine kitandani, mengine kwenye kingo. Kiangazi, maji ya ardhini yakishuka chini ya kitanda, mto unavuja. Ukame ukizidi, kama ule wa 1976, kipande cha mfereji kinakauka kabisa, kisha maji yanaonekana tena ukikaribia Leatherhead, upande wa Thorncroft. Ila siku nyingi za mwaka mto uko juu ya ardhi kama mito mingine, na samaki wake.

Ubishi huu ni wa kale. Mwanahistoria William Camden mwaka 1586 aliandika kwamba wenyeji wangeweza kujisifu, kama Wahispania wa mto Anas (Guadiana ya leo), kuwa wana daraja linalolisha makundi ya kondoo, kwa maana ardhi yenyewe ndiyo daraja. Karne ya 18 mwandishi Daniel Defoe akapinga: maji huzama kidogo kidogo, mahali pengi, si kwa mkupuo kwenye shimo moja. Defoe ndiye aliyekaribia ukweli.

#3 KibuyuKikavu
Mleta uzi kafungwa bao dakika ya pili 😄

#4 HatiZaKale
Na la jina nalo linayumba. "Mole" halionekani kwenye maandishi kabla ya karne ya 16. Hati za zama za kati zinauita mto huu kwa majina ya ukoo mwingine kabisa: Emen, Emele, Emlyn. Kwa hiyo walioishi kando yake miaka mia kadhaa, wakiyaona mashimo hayo hayo, hawakuuita fuko.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba jina limetoka mdomoni likapanda juu. Pale mto unapoingia Thames kuna Molesey. Hati ya karne ya 7 inapaita Muleseg, kisiwa cha mtu aitwaye Mul. Baadaye watu wakaona "Molesey" wakadhani ni kisiwa cha mto Mole, basi mto ukapewa jina la kijiji. Waingereza wanayo mito kadhaa iliyopata jina kwa njia hiyo.

#5 BiKinu
HatiZaKale, usiache "mola", neno la Kilatini la kinu. Daftari la Domesday la 1086, lile la kuhesabu ardhi na mali za Uingereza, linaorodhesha vinu vya maji takriban 20 kwenye mto huu. Mto wenye vinu 20 kuitwa mto wa vinu si ajabu.

#6 HatiZaKale
Bi Kinu, shikamoo. Tatizo ni tarehe. Vinu vilikuwepo 1086, jina limekuja miaka 400 na zaidi baadaye. Kama vinu ndivyo vilivyolizaa, lilijificha wapi muda wote huo, huku makarani wakiandika Emele?

#7 BiKinu
Marahaba. Makarani waliandika walichokikuta kwenye hati zilizotangulia. Alichokisema msagaji kinuni hakuna aliyekiandika. Silirudishi neno langu.

#8 Maweni
Tuyaache majina kidogo. Kwetu Unguja vijito vikitoka kwenye udongo wa juu vikafika maweni, vinazama kwenye mawe ya matumbawe kabla ya kuiona bahari. Hapo naelewa, jiwe lina matundu kama sega la asali. Lakini chaki ya ubaoni haina matundu hayo. Inamezaje mto?

#9 Gumegume
Swali zuri, Maweni. Chaki na matumbawe ni ndugu, zote ni chokaa, kalisi kaboneti. Tofauti ni kwamba vinyweleo vya chaki ni vidogo mno, maji yakiingia humo hayatembei. Yanatembea kwenye nyufa. Kwa hiyo tafuta nyufa, usitafute matundu.

Sasa tazama maji yanatoka wapi. Kuanzia Rusper, kupita Gatwick, Horley, Sidlow, mto uko juu ya Weald Clay, udongo wa mfinyanzi mzito. Karibu na Dorking unapokea maji ya Lower Greensand, tabaka la mwamba wa mchanga, hasa kupitia kijito cha Pipp Brook. Mvua inayotiririka juu ya mfinyanzi imebeba hewa ya ukaa kutoka hewani na kwenye udongo, lakini haijakutana na chokaa ya kutosha. Ni maji yenye njaa. Yakifika kwenye chaki yanaanza kuila hapo hapo, na yanakula zaidi pale yanapopita kwa wingi, yaani kwenye ufa uliokwisha kufunguka. Ufa mkubwa unapata maji mengi, unazidi kuwa mkubwa. Mdogo unabaki mdogo. Ndiyo maana mashimo yamekusanyika kwenye kipande kifupi, hayakutawanyika sawasawa kilomita zote 7 za pengo.

Sharti la pili ni kina cha maji ya ardhini. Masika ya kule, yaani mwishoni mwa kipupwe, maji ndani ya chaki yamepanda hadi usawa wa mto au zaidi, na shimo lililokuwa likimeza linaweza kutulia kabisa au kutema. Kiangazi kina kikishuka, shimo hilo hilo linameza. Mtu akienda Machi akaona maji yametulia, akarudi Septemba akaona yanazunguka na kuzama, asidhani shimo ni jipya.

La tatu, matope. Kitanda kimetandikwa mashapo ya mfinyanzi yaliyoletwa kutoka juu. Mahali tandiko ni nene, mto hauvuji hata kama chaki chini yake ni kavu. Unavuja pale tandiko lilipochanika, na mara nyingi huchanika ukingoni upande wa nje wa kona, ambako mkondo unakwangua.

#10 Maweni
Hapo nimeshiba. Kwa hiyo ukingo wa nje wa kona ndiko pa kuangalia.

#11 Gumegume
Ndiyo, na uangalie pia mashimo makavu yaliyo mbali kidogo na maji, kwenye nyasi. Miaka ya 1930 wakijenga barabara ya kukwepa kijiji cha Mickleham walikutana nayo chini ya njia, wakayafunika kwa kuba za zege zenye tundu la kushukia mkaguzi. Ukijaza shimo la namna hiyo kifusi, mvua itakifua kifusi taratibu na barabara itadidimia. Kuba linaruka juu ya shimo, linaliacha liendelee na kazi yake.

#12 Mpimamaji
Naongeza upande wa vipimo, maana watu wanasema "mto unavuja" bila namba.

Ili kujua mto unapoteza kiasi gani unapima mtiririko juu ya mashimo na chini yake, siku moja, kisha unatoa. Pima sehemu ya juu baada ya Pipp Brook kuingia, vinginevyo utahesabu kijito kama faida na hasara itajificha. Chagua kipande kilichonyooka, bila magugu, bila mti ulioanguka. Nyoosha futikamba ukingo hadi ukingo, mraba na mkondo. Gawa upana vipande 20 au zaidi, na kipande kimoja kisibebe zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Kila kipande pima kina, kisha kasi. Kina kikiwa chini ya sentimita 75 hivi, weka panga la kipimo (kile kipangaboi kinachopima kasi ya maji) kwenye sehemu 6 kati ya 10 kutoka juu ya maji. Kikizidi hapo, pima mara mbili, sehemu 2 na sehemu 8, uchukue wastani. Kila usomaji usipungue sekunde 40, nusu dakika haitoshi mkondo ukiwa wa kupwitapwita. Upana mara kina mara kasi, jumlisha.

Panapoharibika: magugu yanajizungusha kwenye panga na kasi inasomeka ndogo. Mpimaji anasimama juu ya mkondo badala ya kusimama pembeni na chini. Na kubwa kuliko yote, kosa la kipimo. Tuseme juu umepata mita za ujazo 1.00 kwa sekunde na chini 0.95. Kila kipimo kina shaka ya asilimia 7. Tofauti yako ni lita 50, lakini shaka ya pamoja ni karibu lita 100. Hujathibitisha kitu. Kwenye maji mengi uvujaji hauonekani kwa kifaa, unaonekana mto ukiwa mdogo.

#13 RamaniMkononi
Asante sana Mpimamaji. Kiangazi basi ndiyo msimu wa kupima?

#14 Mpimamaji
Ndiyo, ila kuna mtego mwingine. Kiangazi sehemu kubwa ya maji ya juu ni maji yaliyosafishwa kwenye mitambo ya majitaka. Ya Crawley yanaingia kupitia Gatwick Stream. Mitambo hiyo ina pumzi yake: watu wanaamka, wanaoga, maji yanaongezeka, usiku yanapungua. Wimbi hilo linateremka na mto likichelewa. Ukipima juu wakati wimbi limefika na chini kabla halijafika, utasema mto umemezwa. Subiri, au weka kipimo cha kina kinachorekodi kila dakika 15 kote kuwili, uoanishe vilele.

#15 KibuyuKikavu
Yaani Defoe na Camden wamebishana miaka yote hiyo na huenda walikuwa wanapishana msimu tu.

#16 Gumegume
Hilo siwezi kulikataa.

#17 Mtunzamito
Nichangie kipande cha juu ambacho hakuna aliyekigusa. Mto unapita chini ya njia ya kurukia ndege ya Gatwick ndani ya kalvati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kipande cha kaskazini-magharibi mwa uwanja kilichimbiwa mfereji mpya, na safari hii waliuchora kwa kona. Mfereji wa zamani ulikuwa umenyooshwa. Mfereji ulionyooka unapeleka maji haraka na hauna vilindi wala vina vifupi vya samaki kuzalia. Wenye kona unachelewesha maji na unajitengenezea vilindi wenyewe.

Shida ya huko juu ni mfinyanzi. Haunywi maji. Ongeza lami na paa za Crawley, mvua ya asubuhi iko mtoni jioni. Mkesha wa Krismasi 2013 mto ulifurika, maji yakaingia vyumba vya umeme vya jengo la kaskazini la Gatwick, safari zikavurugika vibaya. Chaki kule chini inameza maji kiangazi, lakini kwenye mafuriko haikusaidii: wakati huo imeshajaa.

#18 RamaniMkononi
Wakuu, tumezama kwenye mashimo, swali langu la kwanza bado linaelea. Ulipitaje?

#19 Tabaka7
Nilikuwa nasubiri ulirudie. Kosa ni kuiangalia ardhi ya leo na kudhani mto umeikuta hivi. Weald yote, yaani nchi iliyo kati ya North Downs na South Downs, ilikuwa kuba moja. Chaki ilipita juu yake kama ganda. Kuba lilipoinuka, mito ikatiririka kutoka kileleni kwenda kaskazini na kusini. Kisha ganda likaliwa katikati, mfinyanzi laini ukafichuka na ukaondolewa haraka, nchi ya katikati ikashuka. Kingo za chaki zikabaki zimesimama. Mto ulikuwa unashuka muda wote. Ni nchi nyuma yake iliyoteremka.

Ushahidi uko kwenye ramani nzima. North Downs zimekatwa na Wey pale Guildford, Mole pale Dorking, kisha Darent, Medway na Stour. South Downs zimekatwa na Arun, Adur, Ouse na Cuckmere. Mito inatoka katikati na kwenda nje pande zote mbili, kama maji juu ya mwavuli.

#20 HatiZaKale
Hiyo ni nusu ya hadithi. Wanajiografia Wooldridge na Linton mwaka 1939 walisema mambo yana hatua moja zaidi: bahari ilizifunika kingo za Weald baada ya kuba kuinuka, ikasawazisha ardhi na kuacha tandiko la mchanga na changarawe. Bahari ilipojitoa, mito ilianza upya juu ya tandiko hilo, bila kujali mwamba wa chini. Kisha ikajikata kwenda chini na kujikuta imeshajifunga kwenye chaki. Mabaki ya mchanga huo wa bahari yapo juu ya North Downs, Netley Heath, na kule Lenham, Kent, yana visukuku vya bahari.

#21 Tabaka7
Kwamba bahari ilifika Lenham, sawa, visukuku vipo. Lakini kutoka mabaki machache juu ya vilima hadi kusema bahari ilisawazisha kusini-mashariki yote na kuanzisha mito upya, ni kuruka mbali. Watafiti wa baadaye, akina David Jones, wamelipinga hilo. Mto unaokata kadiri ardhi inavyoinuka hauhitaji tandiko la bahari.

#22 Mtunzamito
Na mimi niweke la tatu, la zama za barafu. Barafu kuu haikufika Surrey, lakini ardhi ilikuwa imeganda. Chaki iliyoganda haipitishi maji, theluji ikiyeyuka inatiririka juu yake na kuikata kama mfinyanzi. Mabonde makavu yote yanayoshuka pembeni mwa pengo yalichongwa hivyo. Pengo linaweza kuwa lilianza dogo, na upana na ukali tunaouona leo ni kazi ya baridi.

#23 Tabaka7
Upana, nakubali. Mahali pengo lilipo, hapana. Baridi inachonga njia iliyopo, haiichagui.

#24 Gumegume
Kuna kipande kingine cha ushahidi, kiko mbali na Surrey. Kabla ya miaka kama 450,000 iliyopita Thames haikupita London ya leo. Ilipita kaskazini, Vale of St Albans, hadi barafu ilipoiziba na kuisukuma kusini. Mito ya Weald wakati huo ilivuka eneo ambalo sasa ni London ikiifuata Thames huko kaskazini. Kwenye changarawe za Dollis Hill na Finchley, kaskazini mwa London, mnaokota vipande vya cherti (jiwe gumu la silika) ya Lower Greensand. Jiwe hilo halipatikani kaskazini mwa Thames. Lilibebwa na maji kupitia mapengo ya North Downs. Kwa hiyo pengo, au mojawapo ya mapengo jirani, lilikuwa wazi kabla ya Thames kuhama.

#25 HatiZaKale
"Mojawapo ya mapengo jirani" ndiyo shida. Cherti ya Finchley inaweza kuwa ya Wey au ya Mole, haina anwani.

#26 Tabaka7
Sawa, lakini inaua hoja yoyote inayotaka pengo liwe la baridi ya mwisho.

#27 Mtunzamito
Sikusema ya mwisho, mkuu. Soma #22 taratibu.

#28 BiKinu
Nyinyi mnabishana miaka laki, atakayeenda kuona atataka kujua pa kukanyaga. Ramani ya Explorer 146 ina pengo lote. Shuka kituo cha treni cha Box Hill & Westhumble. Mawe ya kuvukia chini ya kilima ni 17. Ya zamani yaliondolewa wakati wa vita kuu ya pili, haya ya sasa yalizinduliwa 1946 na waziri mkuu Clement Attlee. Maji yakifunika juu ya mawe usijaribu, hata kama ni sentimita chache: jiwe lina utelezi na mkondo kati ya jiwe na jiwe ni mkali kuliko unavyoonekana. Kuna daraja la miguu karibu, kuteremka na mto. Toka hapo unauona ukingo mweupe wa Box Hill, The Whites, ambao mto umeukwangua hadi chaki ikabaki uchi.

Kisha fuata njia kuelekea Mickleham na Norbury Park. Hapo ndipo mashimo ya Gumegume.

#29 KibuyuKikavu
Shikamoo Bi Kinu, na mdomoni je? Nasikia bahari inapwa na kujaa hadi Hampton Court.

#30 BiKinu
Marahaba. Haifiki. Maji kupwa na kujaa yanaishia Teddington, chini zaidi. Hampton Court Thames imeshikwa na kizuizi cha Teddington, kina chake hakichezi na bahari.

#31 Mtunzamito
Na mdomo wenyewe si ule wa asili. Baada ya Esher mto unagawanyika, mkono mmoja Mole, mwingine Ember, vinazunguka bwawa la Island Barn. Zamani kila mmoja uliingia Thames kivyake. Daraja la sasa la Hampton Court, lililofunguliwa 1933, lilipojengwa, mfereji wa mwisho wa Mole ulifukiwa na maji yake yakaelekezwa kwenye Ember. Baada ya mafuriko ya Septemba 1968 yaliyoizamisha Molesey, sehemu ya chini ilipanuliwa na kuchimbwa, na Ember ndiyo inayobeba maji ya mafuriko.

#32 HatiZaKale
Kwa hiyo mto uliopewa jina na Molesey unaingia Thames kwa mfereji wa Ember. Na Ember yenyewe inafanana na Emele kuliko Mole inavyofanana na chochote.

#33 BiKinu
Usianze tena.

#34 RamaniMkononi
HatiZaKale, hapo umenigusa. Ember ni mabaki ya Emele au ni kufanana tu kwa sauti? Kuna mwenye tahajia za zamani za Ember?